TEMBEA UONE: Kisima cha Baba katika Uwanda wa Konya

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia yafaa kuanzia habari za mtu mmoja na mkewe, wakazi wa Ankara, mji mkuu wa Uturuki, waliopanda pikipiki yao wakazunguka mashamba ya nchi yao muda wa siku kumi na nne, kisha wakarudi mahali pale pale ambapo siku ya pili ya safari walishindwa kutoa jibu.

Mume ni karani, na mke ni mwalimu wa shule. Si watu matajiri. Pikipiki yao wamekuwa nayo miaka kumi na miwili. Mnyororo wake hulegea upesi, na penye mlima mrefu yahitaji kupumzishwa kama punda. Hata hivyo kila wapatapo likizo huipanda, mume mbele na mke nyuma, na mizigo yao imefungwa katika mifuko miwili ya turubai ubavuni.

Lakini safari hii haikuwa ya matembezi tu. Baba yake yule mwanamke alikuwa amefariki, akaacha shamba karibu na mji wa Karapınar, katika mkoa wa Konya. Shamba liliandikwa kwa majina mawili, la binti huyo na la ndugu yake mdogo wa kiume, ambaye ndiye anayelilima. Ndugu huyo alikuwa ameandika barua kwamba kisima kinakauka. Alitaka kuuza pembe ya shamba apate fedha za kuchimba kisima kingine kirefu zaidi, na shamba haliwezi kuuzwa mpaka dada yake naye atie sahihi.

Ziwa la chumvi

Waliondoka Ankara alfajiri ya mwezi wa Juni, wakashika njia ya kusini. Baada ya mwendo wa saa mbili na zaidi waliona weupe mkubwa upande wa kulia, kana kwamba theluji imesahauliwa juani. Hilo ndilo Tuz Gölü, maana yake Ziwa la Chumvi. Ni la pili kwa ukubwa katika Uturuki yote, lakini maji yake hayafiki hata kimo cha mtu, na wakati wa kiangazi sehemu kubwa hukauka kabisa hata watu wakatembea juu ya chumvi kwa miguu. Chumvi nyingi inayoliwa na Waturuki hutoka hapo.

Tena ziwa hili ni makao ya heroe, ndege wale wale wenye miguu mirefu wanaojulikana sana na wakazi wa Nakuru. Huja kwa maelfu kutaga mayai na kulea makinda yao. Mwezi wa Julai 2021 maelfu ya heroe, wengi wao makinda, walikutwa wamekufa juu ya chumvi kwa kuwa maji yalikuwa yamewakimbia. Watu wa kuhifadhi wanyama walitaja mambo mawili: ukame wa mwaka ule, na maji ya kuendea ziwani kugeuzwa njia ili yamwagilie mashamba.

Mume alitaka kuendelea mbele, kwa kuwa jua lilikuwa linapanda. Mke alimwomba asimame kidogo. Akashuka, akatembea hatua chache juu ya ile chumvi, akarudi bila kusema neno.

Usiku ule walilala katika mji mdogo uitwao Sultanhanı. Hapo pana jengo kubwa la mawe lililojengwa mwaka 1229, katika enzi ya Sultani Alaeddin Keykubad wa Waseljuki, ili kuwapokea wafanyi biashara wa misafara ya ngamia. Lango lake limechongwa kwa ustadi wa ajabu, na katikati ya ua pana msikiti mdogo uliosimama juu ya matao manne. Desturi ya nyumba za namna hii ilikuwa kwamba msafiri, awe tajiri au maskini, apewe malazi, chakula na maji muda wa siku tatu pasipo malipo. Nyumba hizo zilijengwa njiani moja baada ya nyingine, kila moja mbali na mwenzake kwa mwendo wa ngamia wa siku moja. Katika nchi kavu kama ile, asiyepata maji jioni hana safari kesho.

Ardhi iliyotoboka

Siku ya pili waliingia katika uwanda wa Karapınar. Ni nchi tambarare, na mvua yake ni haba: kwa mwaka haizidi sana milimita 300. Zamani watu walipanda ngano na shayiri, wakalaza nusu ya shamba mwaka mmoja ili ardhi iweke unyevu kwa mwaka unaofuata, na kondoo wakala mabua. Siku hizi msafiri huona mahindi, viazi vya sukari na majani ya kulisha ng'ombe yamesitawi katikati ya ukavu. Mimea hiyo hunywa maji mengi, nayo maji hayo hayatoki mbinguni, bali hutoka chini kwa nguvu za mashine.

Ndugu mtu aliwapokea kwa furaha, akawachinjia kondoo. Baada ya kula, akawachukua kwenda kuona shamba la jirani. Hapo, katikati ya mahindi, palikuwa na shimo la mviringo, kuta zake zimesimama wima kama za mtungi, na chini kabisa giza. Jirani alikuwa amelala akasikia kishindo. Kulipokucha, shimo lilikuwapo.

Waturuki huliita shimo la namna hii obruk. Sababu yake si uchawi. Chini ya uwanda ule pana mawe ya chokaa, ambayo maji huyayeyusha polepole kwa miaka mingi hata yakafanya mapango. Maadamu mapango yamejaa maji, maji hayo husaidia kuchukua uzito wa paa. Maji yakivutwa juu na kushuka, pango hubaki tupu, paa likachoka, likaanguka. Mashimo mengine katika mkoa ule ni ya kale sana, na yamekuwa maziwa madogo mazuri ya kutazama. Lakini katika miaka hii mashimo mapya yamezidi kuwa mengi, na hesabu yao sasa ni mamia. Sheria ya mwaka 1960 yaamuru kwamba mtu asichimbe kisima kirefu pasipo kibali cha serikali. Walakini visima vingi mno vimechimbwa kwa siri, na kila kisima kipya humlazimisha jirani kurefusha chake.

“Dada,” alisema ndugu mtu, “najua unayoyawaza. Lakini nisipochimba mimi, atachimba mwingine, na maji ni yale yale. Yeye atavuna, mimi nitabaki na vumbi. Shemeji ni karani, anajua hesabu: mwambie anipigie hesabu ya shamba lisilo na maji.”

Mume hakujibu. Mke alimwomba ndugu yake ampe siku kumi. Wakati huo usiku ulikuwa umeingia, na upande wa pili wa barabara ilisikika mashine ya kuchimba, nayo haikunyamaza mpaka alfajiri.

Watu walioijua ardhi yao

Basi wakaendelea na safari, kwa kuwa likizo ilikwisha pangwa. Na kweli pikipiki ina faida moja: waliopanda hawawezi kubishana, maana upepo huchukua maneno. Kila mmoja alikaa na mawazo yake mpaka Kapadokia.

Nchi hiyo ilifanywa na milima ya moto. Mmojawapo ni Erciyes, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,900, na mwezi wa Juni kilele chake huwa bado kina theluji. Majivu ya milima hiyo yaligeuka jiwe laini linalochongeka kwa sururu, na mvua na upepo vikalikata likawa kama minara na vichuguu vikubwa. Watu wa kale walichonga ndani yake nyumba, makanisa na hata miji ya chini ya ardhi. Mji wa Derinkuyu, uliovumbuliwa tena mwaka 1963, washuka chini ghorofa kadhaa, una mazizi, maghala na mashimo ya kuingiza hewa.

Lakini mke hakuyashangaa makanisa kama alivyovishangaa vyumba vya njiwa. Juu katika kuta za majabali, mahali ambapo mtu hafiki ila kwa ngazi, wakulima wa zamani walichonga vyumba vyenye vidirisha vidogo, wakavipamba kwa rangi ili njiwa wavutwe kukaa humo. Hawakuwafuga kwa ajili ya nyama hasa, bali kwa ajili ya samadi. Ardhi ile ni hafifu, na samadi ya njiwa ndiyo iliyoipa mizabibu nguvu. Mara moja kwa mwaka mkulima alifungua mlango uliozibwa kwa mawe, akakusanya mbolea, akaufunga tena. Mtu aliyechonga chumba kama hicho alingoja muda mrefu kabla ya kuona faida, na pengine faida ilimwendea mwanawe.

Mzee mmoja aliwaonyesha pia ghala lililochongwa katika jiwe hilo, ambamo viazi na malimau yaliyoletwa kutoka pwani ya kusini hukaa miezi mingi bila kuoza, kwa kuwa ubaridi wa ndani haubadiliki sana, joto au theluji. “Babu zetu,” alisema, “hawakupata nchi nzuri. Walipata jiwe, wakaliuliza lafaa kazi gani.”

Mbwa wa Kangal na tairi lililotoboka

Kutoka Kayseri walielekea Sivas, nchi ya malisho. Huko ndiko kwenye mbwa wa wachungaji waitwao Kangal, kwa jina la wilaya yao. Ni mbwa wakubwa, rangi ya mchanga, nyuso nyeusi, na shingoni huvikwa kola ya chuma yenye miiba ili mbwa-mwitu asiwakabe koo. Mbwa hawa hawapendi pikipiki hata kidogo.

Jioni moja tairi la nyuma lilitoboka kwa msumari, karibu na kundi la kondoo. Mume alipokuwa ameinama na kiraka mkononi, mbwa wawili walikuja mbio. Alitaka kukimbia. Mkewe, ambaye ni mtoto wa shamba, akamshika mkono akamwambia, “Simama. Usimtazame machoni. Anayekimbia ndiye mwizi.” Wakasimama kama nguzo, mbwa wakawazunguka wakinguruma, mpaka mchungaji akapiga mluzi. Mchungaji huyo alicheka sana, akawasaidia kujaza tairi upepo, kisha akakataa katakata wasilale njiani. Katika nchi ile mgeni asiyetazamiwa huitwa mgeni wa Mungu, na ni aibu kumwacha apite na njaa. Walikula mkate, jibini na maziwa ya mgando, wakalala juu ya magodoro ya sufu. Asubuhi mume alipotaka kuacha fedha kidogo, mwenye nyumba alikunja uso, na fedha zikarudi mfukoni.

Nchi ya mvua

Kutoka hapo njia yapanda milima mirefu, kisha yashuka kwa mapindi mengi hadi Bahari Nyeusi. Ukishuka, dunia hubadilika kwa saa chache: majani makavu yaisha, ukungu waanza, na kila kilima ni kijani kibichi. Huko Giresun na Ordu hustawi njugu za miti ambazo Waturuki huziita fındık. Zaidi ya nusu ya njugu hizo katika ulimwengu mzima hutoka Uturuki. Huvunwa mwezi wa Agosti, na tangu zamani majirani husaidiana kazi leo kwa huyu, kesho kwa yule, desturi waiitayo imece, nayo haina tofauti na ujima.

Mwisho wa safari yao ulikuwa Rize, kwenye mashamba ya chai. Mkulima wa Kericho angejiona kama yu kwao, isipokuwa miteremko ni mikali mno hata magunia ya majani mengine hushushwa kwa kamba za chuma zinazopita hewani. Tena Kericho huchuma mwaka mzima, bali Rize huchuma kuanzia mwezi wa Mei hadi karibu na Oktoba tu, kwa sababu ya baridi na theluji. Zamani watu wa Rize walikuwa maskini, na wanaume wengi walikwenda mbali kutafuta kazi. Mwaka 1924 ilitungwa sheria ya kuhimiza mimea mipya kama chai na machungwa. Mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Zihni Derin akaleta mbegu kutoka Batumi, ng'ambo ya mpaka, akawahimiza wakulima miaka mingi kabla hawajamsadiki. Kiwanda cha kwanza cha chai kilifunguliwa Rize mwaka 1947. Leo hakuna taifa linalowapita Waturuki kwa kunywa chai, ukihesabu mtu kwa mtu.

Mkulima mmoja mzee aliwakaribisha chai chini ya paa la mabati, mvua ikinyesha. Katika mji ule kwa mwaka hushuka zaidi ya milimita 2,000. Walipomweleza kwamba wanatoka Konya, na habari za kisima, mzee aliwaonyesha kovu jekundu katika kilima cha mbele. Mwezi wa Julai 2021 mvua kubwa ilishusha ardhi ya vilima katika mkoa ule, nyumba zikafukiwa, watu wakafa. Kilima kile nacho kilikuwa kimeteremka, na miti ya chai pamoja nacho.

“Hapa maji ni mengi,” alisema mzee, “nasi twayaogopa. Twachimba mifereji, twaacha miti juu ya mteremko, wala hatulali mvua ikizidi. Kwenu maji ni machache, nanyi hamyaogopi. Hilo ndilo ninalolistaajabia.”

Mke aliirudisha bilauri yake juu ya sinia bila kuimaliza.

Jibu

Wakarudi kwa njia ya milimani, na siku ya kumi na mbili wakafika tena Karapınar. Ndugu mtu alikuwa ameweka karatasi mezani, na kalamu juu yake. Dada yake aliisogeza kando kwa taratibu.

“Ndugu yangu,” alisema, “wakumbuka baba alivyotusimulia habari za mchanga?”

Habari hizo kila mtu wa Karapınar azijua. Katika miaka ya 1950 malisho yalikuwa yameliwa mno na ardhi kulimwa ovyo, hata upepo ukainua mchanga, ukafukia mashamba, na watu wakaanza kusema mji hauna budi kuhamishwa. Mwaka 1962 serikali ilianza kazi ya kuuzuia: ukajengwa ua wa matete, safu baada ya safu, mifugo ikakatazwa, yakapandwa majani, kisha miti. Baba yao, akiwa kijana, alikuwa miongoni mwa waliochukua matete hayo mgongoni. Mchanga ukasimama, na mji upo hata leo.

“Mchanga nao ulikuwa wa wote,” aliendelea. “Kama kila mtu angalingoja jirani aanze, hapa pasingekuwa na shamba la kurithi. Sitatia sahihi. Maji yaliyobaki katika kisima cha baba, yamwagilie kwa matone sehemu ndogo tu. Sehemu iliyobaki irudie ngano, shayiri na dengu, kama zamani. Najua mapato yatapungua, nawe una watoto. Kwa hiyo sehemu yangu ya mavuno usiniletee muda wa miaka mitatu.”

Ndugu mtu alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akauliza, “Na mwaka wa nne, mvua isiponyesha?”

“Mwaka wa nne tutaketi tena hapa mezani.”

Hakufurahi, wala haifai kusema kwamba alifurahi. Mashine ya jirani ilikuwa ingali ikiunguruma ng'ambo ya barabara. Lakini aliikunja ile karatasi, akaitia katika sanduku la baba yake pamoja na hati ya shamba, na asubuhi akaenda kwa wazee wa kijiji kuuliza ni nani wengine wanaotaka kurudia ngano, maana mtu mmoja hawezi kujenga ua wa matete.

Tena lipo jambo ambalo mke hakulitaja, na mume hakulikumbusha. Fedha za mavuno ya miaka hiyo mitatu walikuwa wamezikusudia kununulia pikipiki mpya. Walipofika kilele cha kwanza njiani kurudi Ankara, pikipiki ile kuukuu ilichemka kama desturi yake. Mume akaizima, akatoa spana, akaanza kukaza mnyororo. Mkewe akamshikia taa.

Msomaji mwenye shamba na ajiulize swali moja: maji anayoyanywesha mimea yake yatoka wapi, na ni nani anayeyarudisha? Mvua hurudi kwa majira yake, na mto hujazwa na mlima, bali kisima kirefu ni akiba iliyowekwa na miaka mingi kabla ya sisi kuzaliwa. Akiba ya mzazi huliwa kwa kipimo, la sivyo wajukuu watarithi shimo.